Dawa za Kulevya: Aina Zake, Madhara Yake Mwilini na Wajibu wa Kamati za Sharika



Katika toleo hili tumeona vema kuzungumzia dawa za kulevya, kwa sababu suala hili linajitokeza karibu kila tunapotembelea sharika. Wazazi wanauliza, walimu wa Kipaimara wanauliza, na kamati za Diakonia zinauliza: kijana wetu anatumia, tufanye nini?

Mara nyingi jibu linalotolewa huwa ni moja kwa wote. Kijana huonywa, huombewa, na asiposikia hufungiwa chumbani mpaka "sumu imtoke". Nia ni njema, na maombi tunayahitaji. Hata hivyo, mwili hauzipokei dawa zote kwa namna moja, wala hauachani nazo kwa namna moja. Mtu aliyekunywa gongo kila siku kwa miaka mingi, akifungiwa ghafla bila matibabu, anaweza kupoteza maisha ndani ya siku chache. Anayetumia heroini akifungiwa atateseka sana, lakini kwa kawaida mateso hayo hayamuui. Hatari yake kubwa huja siku anapofunguliwa na kurudi kijiweni. Anayevuta bangi na kuanza kusikia sauti za watu wasiokuwepo anahitaji daktari wa magonjwa ya akili. Wote watatu mtaani wanaitwa "walevi" au "mateja", lakini msaada wanaouhitaji ni tofauti.

Kwa sababu hiyo, lengo la makala haya ni kuziwezesha kamati zetu, pamoja na marafiki na wafadhili wanaotuunga mkono, kufahamu aina za dawa hizi, zinavyofanya kazi mwilini, na hatua zinazofaa kuchukuliwa kwa kila aina.

DAWA ZA KULEVYA NI NINI?

Dawa ya kulevya ni kitu chochote ambacho kikiingia mwilini hubadili jinsi ubongo unavyofanya kazi, na hivyo kubadili hisia, fikra, tabia na mwenendo wa mtumiaji. Inaweza kuingia kwa kunywa, kutafuna, kumeza, kuvuta, kunusa au kujidunga sindano. Baadhi ni haramu kisheria, kama heroini, kokeini, bangi na mirungi. Nyingine ni halali lakini zina madhara, kama pombe na tumbaku. Nyingine ni dawa za hospitali zinazotumiwa bila ushauri wa daktari.

Ubongo una kemikali zake zinazobeba taarifa kutoka seli moja hadi nyingine. Mojawapo inaitwa dopamini. Hii ndiyo inayotufanya tuone raha tunapokula tukiwa na njaa au tunapofanikiwa katika kazi, na ndiyo inayotufundisha kurudia jambo lililotupa raha hiyo. Dawa za kulevya huongeza dopamini kwa wingi kuliko chakula au furaha ya kawaida. Baada ya muda ubongo hujirekebisha. Mambo ya kawaida hayaleti tena raha, na dozi ya jana haitoshi leo. Mtumiaji analazimika kuongeza kiwango.

Hatua inayofuata ni utegemezi, ambao siku hizi wataalamu wanauita uraibu. Hapa mtu hatumii tena kwa ajili ya starehe. Anatumia ili asiugue. Akikosa dawa mwili unagoma, hali ambayo vijana wanaiita arosto. Ni muhimu sana wazee wetu wafahamu jambo hili, kwa kuwa wengi hudhani kijana anayeiba sufuria za mama yake amekosa tu adabu. Kijana huyo amekosa adabu, ndiyo, lakini pia ni mgonjwa.

Kasi ya dawa kufika kwenye ubongo nayo ina uzito wake. Dawa iliyovutwa au kudungwa kwenye mshipa hufika ndani ya sekunde. Pombe huchukua dakika kadhaa, na mirungi huhitaji kutafunwa kwa muda mrefu. Kadiri dawa inavyofika haraka ndivyo inavyomnasa mtu haraka. Hii ni sababu mojawapo inayofanya heroini ya kujidunga iwe ngumu kuiacha kuliko mirungi.

MAKUNDI YA DAWA ZA KULEVYA

Kwa kuangalia kazi inayofanywa mwilini, wataalamu huzigawa dawa hizi katika makundi makuu matatu: vipumbaza, vichangamshi na vileta njozi.

1. Vipumbaza

Hizi ni dawa zinazopunguza kasi ya ubongo na mishipa ya fahamu. Mtumiaji hulegea, husinzia, huongea kwa kukokota maneno, na hupoteza uwezo wa kuamua. Kiwango kikizidi, sehemu ya ubongo inayoongoza upumuaji nayo hulala, na mtu hufa kwa kukosa hewa.

(a) Pombe

Tunaanza na pombe kwa makusudi, kwa sababu ndiyo inayotumiwa na watu wengi zaidi katika sharika zetu, na ndiyo inayosahaulika tunapozungumzia dawa za kulevya. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 pombe ilisababisha vifo vya watu milioni 2.6 duniani kote.

Ini ndilo linalofanya kazi kubwa ya kuisafisha pombe, nalo lina kasi yake ambayo haiharakishwi na kahawa, maji baridi wala chakula. Bia moja ya nusu lita huhitaji takribani saa mbili hadi tatu kuondoka mwilini. Anayekunywa haraka kuliko hapo huirundika pombe katika damu. Kwa miaka mingi ini hujaa mafuta, kisha makovu, na mwishowe husinyaa na kushindwa kazi. Pombe huongeza pia shinikizo la damu, vidonda vya tumbo, upungufu wa vitamini B1 unaoharibu kumbukumbu, pamoja na saratani za mdomo, koo, ini na matiti. Mama mjamzito anapokunywa, mtoto tumboni hunywa pamoja naye, na anaweza kuzaliwa na uzito mdogo au akili iliyoathirika maisha yake yote.

Gongo na pombe nyingine zisizopimwa zina hatari ya ziada. Pombe hizi zikiwa zimechanganywa na methanoli, ambayo ni spiriti ya viwandani, mwili huigeuza kuwa asidi inayoshambulia mishipa ya macho. Mnywaji hupofuka au hufa. Mwezi Mei 2014 zaidi ya watu 60 walifariki nchini Kenya kwa kunywa pombe ya namna hii. Hapa kwetu serikali ilipiga marufuku pombe ya viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017, kwa kuwa ilikuwa rahisi kununua na kuficha, hata kwa wanafunzi.

(b) Heroini

Heroini, au "unga", hutengenezwa kutokana na utomvu wa mmea wa afyuni. Mwaka 1898 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ilianza kuiuza kama dawa ya kikohozi, kabla madhara yake hayajajulikana vema. Sehemu kubwa ya heroini inayofika kwetu huvuka Bahari ya Hindi kwa majahazi kutoka pwani ya Iran na Pakistan, na kushushwa katika mwambao wa Afrika Mashariki. Nyingine inaendelea na safari kwenda Ulaya na Afrika Kusini, lakini nyingine inabaki na kuuzwa kwa kete mitaani kwetu.

Mtumiaji huwa na mboni za macho zilizosinyaa kama tundu la sindano, husinzia akiwa amesimama, hujikuna, hukosa choo, na hupungua uzito. Wanawake wengi hupoteza siku zao. Hakuna anayejua kilichomo ndani ya kete, kwa kuwa kila muuzaji huchanganya vitu vyake. Kete ya leo inaweza kuwa na nguvu mara mbili ya ile ya jana.

Wanaojidunga wana hatari nyingine. Kuchangia sindano hueneza Virusi Vya UKIMWI na homa ya ini aina ya B na C. Tafiti zilizofanyika Dar es Salaam zimeonyesha kuwa maambukizi ya VVU miongoni mwa wanaojidunga ni mara kadhaa zaidi ya yale ya watu wengine. Sindano chafu huleta pia majipu, kuoza kwa mishipa, na maambukizi katika milango ya moyo.

(c) Dawa za hospitali

Katika kundi hili kuna dawa za usingizi kama Valium, na dawa za maumivu makali kama pethidini na tramadoli. Zote zina kazi njema zikitolewa na daktari. Zikinunuliwa kiholela na kutumiwa kila siku, huleta utegemezi sawa na dawa nyingine. Tunaomba kamati zisizisahau, kwa kuwa watumiaji wake wengi ni watu wazima wenye heshima zao, ambao hakuna anayewadhania.

(d) Gundi, petroli na thina

Hizi hutumiwa zaidi na watoto waishio katika mazingira magumu mijini, kwa kuwa ni rahisi kuzipata na huua njaa na baridi kwa muda. Mvuke wake huingia kwenye mapafu na kufika kwenye ubongo mara moja. Huyeyusha mafuta yanayofunika mishipa ya fahamu, na hivyo mtoto hupoteza kumbukumbu, husikia kwa shida, hutetemeka, na kutembea akiyumba. Figo na ini huharibika. Moyo unaweza kusimama ghafla, hata kwa mtoto aliyenusa kwa mara ya kwanza, hasa akishtuliwa au kukimbizwa. Kwa hiyo anayemkuta mtoto ananusa gundi asimfukuze mbio. Amsogelee kwa utulivu.

2. Vichangamshi

Dawa za kundi hili huharakisha mwili. Moyo hupiga kwa kasi, shinikizo la damu hupanda, usingizi na njaa hupotea, na mtumiaji huongea sana na kujiona ana uwezo usio wa kawaida. Nguvu hiyo haitoki popote. Mwili unakopa kutoka katika akiba yake, na deni hulipwa baadaye kwa uchovu na huzuni.

(a) Mirungi

Mirungi hulimwa katika maeneo ya milimani, ikiwemo milima ya Upare wilayani Same. Kenya na Ethiopia zinairuhusu kama zao la biashara. Uingereza iliipiga marufuku mwaka 2014, na hapa Tanzania ni kosa kuilima, kuiuza au kuitumia. Majani yake mabichi yana kemikali iitwayo kathinoni, ambayo hupungua nguvu kadiri majani yanavyokauka. Ndiyo maana hufungwa kwa majani ya mgomba na kusafirishwa kwa kasi.

Watumiaji wengi ni madereva wa masafa marefu, waendesha bodaboda na walinzi wa usiku, ambao wanataka kushinda usingizi. Matokeo yake ni kukosa choo, vidonda vya tumbo, kuharibika kwa meno na fizi, kupungua kwa nguvu za kiume, kukosa usingizi na shinikizo la juu la damu. Wengine hunywa pombe au kumeza dawa za usingizi ili waweze kulala, na hivyo tatizo moja huzaa la pili. Kuna pia gharama kwa familia: fedha ya chakula cha watoto hutafunwa kijiweni kila siku.

(b) Kokeini na methamfetamini

Kokeini hutokana na majani ya mkoka unaolimwa Amerika ya Kusini, hasa Kolombia, Peru na Bolivia. Ni ghali, hivyo katika sharika nyingi haionekani sana. Hubana mishipa ya damu huku ikiulazimisha moyo kufanya kazi kwa nguvu, na kwa njia hiyo huleta mshtuko wa moyo au kiharusi hata kwa kijana mwenye afya. Ikitumiwa pamoja na pombe, ini hutengeneza kemikali ya tatu ambayo ni hatari zaidi kwa moyo. Methamfetamini hutengenezwa viwandani. Hukaa mwilini kwa saa nyingi zaidi, huharibu meno, na huleta wazimu wa kudhani kila mtu ni adui.

(c) Tumbaku

Nikotini iliyomo katika sigara na ugoro ni kichangamshi chenye uraibu mkali. Haimlevyi mtu hadharani, lakini kwa muda mrefu tumbaku huua watu wengi zaidi duniani kuliko dawa zote haramu tulizozitaja zikijumlishwa pamoja.

3. Vileta njozi, na nafasi ya bangi

Vileta njozi humfanya mtu aone, asikie au ahisi vitu visivyokuwepo. Dawa halisi za kundi hili, kama LSD, si nyingi katika mazingira yetu. Iliyo nyingi ni bangi, ambayo ina tabia za makundi yote: inapumbaza, inachangamsha, na kwa kiwango kikubwa inaleta njozi.

Bangi hulimwa sehemu mbalimbali nchini, ikiwemo Arumeru mkoani Arusha na Tarime mkoani Mara. Kemikali yake kuu inaitwa THC. Macho huwa mekundu, mapigo ya moyo huongezeka, njaa huja kwa ghafla, na kumbukumbu ya mambo ya karibuni hupungua. THC huhifadhiwa katika mafuta ya mwili, hivyo kwa anayevuta kila siku inaweza kuonekana katika mkojo kwa wiki kadhaa baada ya kuacha.

Wapo wanaosema kuwa bangi ni mmea wa asili na haina madhara, au kwamba inawapa nguvu ya kulima. Ni kweli kwamba haisimamishi upumuaji kama heroini inavyofanya. Hatari yake iko kwenye akili, hasa kwa vijana, kwa kuwa ubongo wa binadamu huendelea kukua mpaka kufikia umri wa miaka 25 hivi. Anayeanza akiwa na miaka 13 au 14 na kuvuta mara kwa mara hupoteza uwezo wa kujifunza, na hujiweka katika hatari kubwa zaidi ya kupata ugonjwa wa akili, hasa ikiwa katika ukoo wao kuna ugonjwa huo. Aina zenye nguvu, ambazo vijana wanaziita skanka, huongeza hatari hiyo.

HATARI YA KUCHANGANYA

Watumiaji wengi hawatumii aina moja. Kuna wanaochanganya heroini na bangi katika msokoto mmoja. Kuna wanaokunywa pombe, kumeza Valium na kuvuta unga kwa usiku mmoja. Dawa mbili za kupumbaza zikikutana, kila moja huzidisha usingizi wa nyenzake, na pumzi husimama kwa dozi ambayo peke yake isingeua. Wala mtu asidhani kwamba kichangamshi kitasawazisha kipumbaza. Kichangamshi huficha tu dalili za ulevi, na kikiisha nguvu mtu hujikuta amelewa kupita kiasi bila kutarajia.

KUACHA NAKO KUNA HATARI ZAKE

Sehemu hii tunaomba isomwe kwa makini katika vikao vya kamati, maana ndipo uhai wa watu wetu ulipo.

Pombe na dawa za usingizi. Ubongo uliokuwa umepumbazwa kwa miaka, ukiondolewa pombe kwa ghafla, hulipuka kwa kasi. Kutetemeka, jasho na wasiwasi huanza ndani ya saa 6 hadi 24. Degedege huweza kutokea katika siku mbili za mwanzo. Kuanzia siku ya pili mpaka ya nne mgonjwa anaweza kuchanganyikiwa, kuona wadudu au watu wasiokuwepo, kupata homa, na asipotibiwa, kufa. Mara nyingi hali hii hudhaniwa ni mapepo. Kumbe inatibika hospitalini kwa dawa ya diazepamu, vitamini B1 na maji ya mishipa. Anayetumia Valium kila siku kwa muda mrefu naye anapaswa kupunguza kidogo kidogo kwa usimamizi wa daktari.

Heroini. Arosto huanza saa 8 hadi 24 baada ya dozi ya mwisho: kupiga miayo, mafua, machozi, vinyweleo kusimama, maumivu ya viungo, kutapika na kuharisha. Hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, na hupungua baada ya wiki moja hivi. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida hafi, mradi apate maji ya kutosha. Mama mjamzito ni tofauti. Hatakiwi kuacha ghafla, kwa sababu mimba inaweza kuharibika. Apelekwe kliniki.

Mirungi, kokeini na methamfetamini. Mwili hauumwi sana, lakini huzuni huwa nzito. Mtu hulala mno, hukata tamaa, na wengine hufikiria kujiua. Asiachwe peke yake katika siku hizo.

Bangi. Hukosa usingizi na hamu ya kula, na huwa na hasira kwa wiki moja au mbili. Si hatari kwa uhai, lakini familia ikimjibu kwa ugomvi atarudi kuvuta.

VIFO BAADA YA KUACHA

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Kijana aliyetumia heroini kwa miaka mitano mwili wake umezoea dozi kubwa. Akikaa mwezi mmoja bila kutumia, iwe ni nyumbani, gerezani au katika nyumba ya upataji nafuu, mazoea hayo hupotea. Familia inafurahi, anapewa nafasi ya kutoa ushuhuda kanisani, na kila mtu anasema amepona. Hamu iliyo kwenye ubongo lakini haijaisha. Siku akiteleza, hutumia kiwango kilekile alichokizoea zamani, na kiwango hicho sasa kinamuua.

Kwa hiyo wiki za kwanza baada ya kurudi nyumbani ni za kumkaribia zaidi. Aidha, akianguka asitengwe wala asitangazwe. Anayeogopa aibu hujificha anapotumia, na anayetumia akiwa peke yake hana wa kumwita msaada.

Dalili za kuzidisha dozi ni hizi: haamki hata akitikiswa, anapumua kwa shida au kwa kukoroma, mboni za macho zimesinyaa, midomo na kucha zimebadilika rangi. Mlaze kwa ubavu ili asipaliwe na matapishi. Kama hapumui, mpulizie pumzi mdomoni. Usimnyweshe maziwa wala kumchoma sindano ya maji ya chumvi. Mwahishe hospitali na waeleze ukweli, kwa sababu kuna dawa iitwayo naloksoni inayoweza kumwamsha aliyezidisha heroini ndani ya dakika chache.

TIBA IPO

Mwezi Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kutoa tiba ya methadoni kwa watumiaji wa heroini. Baadaye zilifuata hospitali za Mwananyamala na Temeke, na kisha mikoa mingine ikiwemo Mbeya, Dodoma, Mwanza na Tanga. Methadoni hukaa kwenye sehemu zilezile za ubongo zinazokaliwa na heroini. Huondoa arosto kwa siku nzima bila kumlevya anayepewa dozi sahihi. Hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, na katika vituo vya serikali hutolewa bure.

Wapo waumini wanaosema kuwa huko ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Tunaielewa hofu yao, ila hatukubaliani nayo. Mgonjwa wa kisukari anayechoma insulini kila siku hatumwiti mlevi wa insulini. Mtu anayekunywa methadoni hulala nyumbani, hufanya kazi, haibi, na hachangii sindano.

Methadoni haitibu uraibu wa pombe, mirungi wala bangi. Kwa hao kuna huduma za afya ya akili katika hospitali za mikoa na za rufaa, pamoja na ushauri nasaha wa muda mrefu.

MAPENDEKEZO KWA KAMATI ZA SHARIKA

- Mtu akiletwa kwenu, ulizeni kwanza: anatumia nini, kwa njia gani, kwa muda gani, na mara ya mwisho ilikuwa lini? Majibu hayo manne yaandikwe na yaende naye hospitali.
- Asifungiwe wala kufungwa minyororo mtu yeyote. Mnywaji wa kila siku aanzie hospitali kabla ya kuacha.
- Kabla ya kumpeleka kijana katika nyumba ya upataji nafuu, ulizeni kama imesajiliwa, kama ina uhusiano na hospitali, na kama familia inaruhusiwa kumwona.
- Teueni watu wawili au watatu wenye siri, wakiwemo mama mmoja na kijana mmoja, wa kumtembelea aliyerudi nyumbani katika miezi mitatu ya kwanza.
- Msipokee wala kuhifadhi kete au misokoto katika ofisi ya usharika, hata kama mzazi ameileta kwa nia njema. Chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, kupatikana nazo ni kosa. Toeni taarifa kwa vyombo husika.
- Katika madarasa ya Kipaimara fundisheni ukweli wenye kipimo. Kijana akiambiwa kwamba msokoto mmoja wa bangi unaua, akaona rafiki yake amevuta na hakufa, hatatuamini tutakapomwonya juu ya heroini.
- Sherehe za usharika na za familia zetu ziangaliwe. Hatuwezi kuwahubiria vijana dhidi ya bangi Jumapili, na Jumamosi tumewatuma wakabebe kreti za bia.

KWA MARAFIKI NA WAFADHILI WETU

Mara nyingi mchango hutafutwa kwa ajili ya mikutano ya hadhara, fulana na mabango. Hayo yana nafasi yake. Lakini mahitaji makubwa mara nyingi ni madogo na hayapigwi picha. Kijana aliye kwenye methadoni anapaswa kufika kliniki kila siku, na wengi hukatisha tiba kwa kukosa nauli. Mnywaji anayeacha anahitaji kulazwa siku chache na mtu wa kumhudumia. Aliyerudi nyumbani anahitaji kazi ya mikono yake, kwa maana asiye na kazi hurudi mahali palipo na wenzake, nao wako kijiweni. Tunaziomba kamati ziweke mahitaji haya katika bajeti zao, na tunawaomba wafadhili wasishangae kuona nauli ya daladala katika maombi ya miradi.

HITIMISHO

Msamaria Mwema alipomkuta majeruhi njiani alizifunga jeraha zake kwa vitu alivyokuwa navyo, akampeleka mahali pa kutunzwa, akalipa gharama, na akaahidi kurudi. Kila hatua ilifuata hali ya mgonjwa. Nasi tunapaswa kufanya vivyo hivyo: tujue jeraha ni la namna gani, tutoe msaada unaolifaa, na tuendelee kuwepo baada ya siku ya kwanza.

Tunapendekeza makala haya yasomwe katika kikao kijacho cha kila kamati, na majina na mahali zilipo huduma za tiba zilizo karibu nanyi yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa usharika. Mwenye swali alilete kwa mwinjilisti wake au katika ofisi ya miradi ya dayosisi, naye atapokelewa kwa siri na kwa upendo.